Je, Wajua? Mti wa Uani na Fundi wa Kumwita

Masika yakikaribia, vijana wenye chensoo begani hupita mitaa ya Dar es Salaam wakigonga mageti: "Mama, mti wako huu una hatari." Pengine ni kweli. Pengine wameuona kwa mara ya kwanza dakika hiyo hiyo, tena kutokea barabarani. Safu ya leo ni ya mwenye nyumba anayetaka kuukagua mti wake mwenyewe kabla hajafungua geti: dalili zipi zinataka mtaalamu wiki hii, zipi zinataka subira, na zipi hazitaki chochote.

Je, wajua kwamba mti hauponi? Ukijikata kidole, nyama mpya hujaa palepale. Mti haufanyi hivyo. Ukijeruhiwa hujiwekea ukuta wa kemikali kuzunguka sehemu iliyoumia, gome jipya likatambaa juu yake, na sehemu iliyoharibika ikabaki humo ndani maisha yote. Aliyelionyesha hili wazi ni Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyeanza kazi mwaka 1959. Kabla yake mashina yalichunguzwa kwa kukatwa mapana. Yeye alichukua chensoo akayapasua kwa urefu, maelfu ya miti, akiufuata uozo kutoka kwenye jeraha hadi unapokomea. Kwa hiyo kila kidonda cha panga kwenye mwembe wako ni cha kudumu.

Je, wajua kwamba oili chafu ya gereji si dawa ya mti? Wala lami, wala rangi ya mafuta. Shigo alizijaribu dawa za kupaka vidonda vya miti, akaona hazizuii kuoza. Baadhi hutunza unyevu, na unyevu ndio kuvu inaoutaka. Oili chafu inaongeza dhambi nyingine: inaunguza gome changa la pembeni, lile lile ambalo lingetambaa kukifunika kidonda. Fundi akimaliza kukata kisha akaomba kopo la oili, mshukuru, umlipe, na mwakani utafute mwingine.

Na saruji ya kuziba shimo la shina? Ilikuwa kazi ya heshima zamani. Imeachwa. Mti huyumba, saruji haiyumbi. Maji huingia katikati yao na kukaa.

Chokaa nyeupe inayopakwa mashina kambini na shuleni haidhuru. Hupunguza makali ya jua kwenye gome la mti mchanga. Kuponya haiponyi chochote.

Je, wajua kwamba watu wengi hukagua mti kwa kutazama juu, ilhali habari nzito iko chini? Piga magoti. Futa majani yaliyolundikana kuzunguka shina, halafu tafuta uyoga mgumu uliojibandika pale shina linapoingia ardhini. Kuvu za jamii ya Ganoderma hupenda sana mikrismasi iliyozeeka, na haziachi miembe wala mivinje. Kibao chake ni cha kahawia, ukingo mweupe wakati kinakua, na upande wa chini ni mweupe. Kikwaruze kwa ukucha, pale ulipopita pataingia ukahawia. Siku za unyevu hutoa vumbi jekundujekundu la kahawia linalotanda kwenye majani na sakafu ya karibu, na watu hulifagia wakidhani ni udongo.

Hicho kibao ni kizazi tu cha kuvu. Mwili wenyewe uko ndani ya mizizi na shina, na umekuwa humo kwa miaka kabla haujapata nguvu ya kuchomoza nje. Kuking'oa ni kuondoa ushahidi. Uyoga wa namna hii kwenye shina la mti ulio karibu na nyumba, kibanda cha mlinzi au njia ya watoto ni sababu tosha ya kumwita mtaalamu wiki hii hii, hata kama majani juu ni ya kijani kibichi. Mti unaweza kuwa na majani tele huku mizizi inayoushikilia imekwisha, kwa sababu mizizi myembamba ya kunywa maji na mizizi minene ya kuushika mti ardhini haifi kwa pamoja.

Vyoga vidogo vilaini vinavyoota kwenye nyasi baada ya mvua ni habari nyingine kabisa. Vingi vinakula majani makavu, na vingine vinashirikiana na mizizi kwa faida ya mti. Viacheni.

Je, wajua mizizi iko wapi? Wengi hudhani mti una mzizi mmoja mkubwa unaoshuka sawa na urefu wa shina. Mti mzima kwa kawaida haukai hivyo. Sehemu kubwa ya mizizi yake iko ndani ya sentimita 60 za juu za udongo, na imetambaa mbali kupita ukingo wa kivuli chake, mara nyingi mara mbili au zaidi ya upana huo. Ukichimba msingi wa ukuta mita moja kutoka kwenye shina umekata karibu nusu ya kila kitu.

Tena mti haulalamiki siku hiyo. Inaweza kupita miaka kadhaa ndipo matawi ya juu yaanze kukauka upande ule ule uliochimbwa, na wakati huo mwenye nyumba ameshasahau ukuta, analaumu mchwa.

Mwezi Novemba 2020, amri ya Rais Uhuru Kenyatta iliuokoa mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, uliokuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila kwa mtaalamu wa miti, siku ya amri ni siku ya kuanza kuuangalia: mitambo, zege na mitaro karibu na mizizi ni mambo ambayo mti huyatolea jibu taratibu.

Je, wajua kwamba pevingi zilizobanwa hadi kwenye gome zinaunyima mti hewa na maji kwa pamoja? Uani siku hizi ni mtindo: tofali za pevingi ukuta hadi ukuta, na mwembe umechomoza katikati, haukuachiwa hata nafasi ya kunenepa. Baada ya miaka michache tofali zinainuka. Mwenye nyumba anamwita fundi akate "mizizi inayosumbua". Fundi anakata, tofali zinalala vizuri, na mvua kubwa inayofuata inauangusha mti juu ya gari. Hapo mti ndio unaosemwa vibaya.

Kifusi kilichomwagwa kuzunguka shina nacho huua, polepole. Kwenye mti mzima unapaswa kuona shina likitanuka linapoingia ardhini. Likiingia limenyooka tupu, mti umefukiwa.

Kuegesha gari kila siku chini ya kivuli kile kile hushindilia udongo hadi maji yakashindwa kupenya. Ajabu ni kwamba kivuli ndicho kilichokuleta hapo.

Je, wajua adui anayefanya kazi kila asubuhi? Ni ufagio na kiberiti. Majani yanafagiwa, yanarundikwa mguuni pa mti, yanachomwa. Chini ya gome kuna tabaka jembamba mno lililo hai, ndilo linalounenepesha mti, na halihitaji moto mkali kufa. Gome la nje linabaki likionekana zima kwa miezi. Kisha linaanza kubanduka vipande, upande mmoja tu, kimo cha goti. Ukiligonga linatoa sauti ya kitu kilichoachana na mwili. Likifa hivyo kuzunguka shina lote, mti umekwisha. Likifa nusu, kuvu imepata mlango. Majani hayo hayo yangetandazwa chini ya kivuli, mbali kidogo na shina, yangekuwa mbolea na yangetunza unyevu wakati wa kiangazi.

Waya wa kuanikia nguo uliozungushwa kwenye shina ni hatari kuliko misumari yote ya matangazo ya waganga wa kienyeji. Msumari ni jeraha dogo ambalo mti hulizingira. Waya uliofungwa kuzunguka hukaba: shina linanenepa, waya haunenepi. Ukishazama ndani ya gome usiuvute kwa nguvu. Hapo pia muite anayejua.

Sasa tuitetee miti inayosingiziwa.

Je, wajua kwamba mkungu ukigeuka mwekundu na kupukutika haujaugua? Ndio tabia yake. Mbuyu hukaa miezi mingi bila jani hata moja. Mjakaranda na mkrismasi hupukutisha kiangazi kikiwaka, kisha hutoa maua. Kila mwaka kuna mti unaokatwa kwa kosa la kupumzika. Kabla ya kutoa hukumu, chukua kitawi chembamba, kwaruza gome kwa ukucha: kijani kibichi chini yake maana yake kiko hai, kahawia kavu, kimekufa. Jaribu matawi ya pande zote. Kitawi kimoja hakitoshi kutoa habari ya mti mzima.

Tofauti ya kuangalia ni hii: mti unaopumzika hupukutika sawasawa. Mti unaoumwa hukauka kutokea ncha za juu kwenda chini, au upande mmoja, au hushikilia majani makavu bila kuyaachia.

Madoa ya kijivu na kijani yaliyoshika gome hayanyonyi kitu. Wala okidi na mimea mingine ya aina hiyo iliyoota juu ya mti; imepanga tu. Lakini kichaka cha kijani kilichoota juu ya tawi la mwembe au mparachichi, chenye majani yasiyofanana na ya mti na maua membamba yanayovutia ndege, hicho ni mlandege. Kimezamisha mizizi yake ndani ya tawi na kinakunywa humo. Kukivunja kwa mkono hakutoshi, huchipua tena. Hukatwa pamoja na kipande cha tawi chini yake, na kama kimeshika matawi makubwa, hiyo ni kazi ya mpandaji mwenye kamba.

Je, wajua kwamba mti unaokaribia kufa unaweza kuzaa kuliko siku zote? Mparachichi wenye majani madogo, yaliyopauka, vilele vikavu, na matunda mengi madogo yaliyojaa matawi wazi, haujabarikiwa. Mizizi yake inaoza. Mara nyingi ni Phytophthora cinnamomi, kimelea cha udongoni kinachopenda maji yaliyotuama. Chimba kidogo pembezoni mwa kivuli: mizizi myembamba mizima ni myeupe na ina unyevu, iliyoshambuliwa ni myeusi na hukatika ikiguswa. Na ndiyo, zile bomba za kumwagilia nyasi jioni na asubuhi ndizo zilizomwita.

Michungwa ina yake. Utomvu unaotoka chini ya shina, gome likalowa na kupasuka, ni jamaa wa ugonjwa huo huo. Wakulima wa Muheza wanajua kutofukia pale mche ulipobebeshwa. Wapambaji wa bustani za mjini hufukia hadi juu na kuzungushia mawe meupe.

Mwaka 1986 vidukari wa misaiprasi walionekana Malawi, na mwaka 1990 walikuwa wameshafika Kenya. Uzio wa msaiprasi ukianza kukauka kutoka ndani kwenda nje, na matawi yakawa na masizi meusi yanayonata, usilaumu ukame peke yake. Fungua matawi utazame vijiti vyenyewe. Wanakaa humo kwa makundi, rangi yao imefanana na gome.

Je, wajua kwamba mnazi hauna njia hata moja ya kukifunika kidonda? Hauna lile tabaka la kunenepesha shina. Vidato wanavyochonga wakwezi ili kuweka miguu vitabaki palepale, kimo kile kile, ukubwa ule ule, hadi mnazi uanguke. Kidato chenye mdomo wa juu hukusanya maji na kuanza kuoza. Mwambie mkwezi atumie kamba.

Mnazi pia una moyo mmoja tu, kule juu. Ukifa huo, hakuna chipukizi la pembeni litakalouokoa. Ndiyo maana chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anaogopwa. Hutoboa kuingia kwenye moyo wakati makuti bado yamekunjwa. Makuti yakifunguka wiki kadhaa baadaye, yanaonyesha kazi yake: yamekatwa pande mbili kwa mkato wa mshazari, yakabaki na umbo la V, safi hadi unaweza kudhani ni mkasi. Wakwezi wazoefu humtoa kwa waya wenye ndoana. Ukiona mikato ya zamani kwenye makuti ya chini tu, chonga alishapita. Ukiiona kwenye kuti lililofunguka juzi, yuko kazini.

Nazi changa kwa kubwa zikidondoka ovyo, makuti yakawa manjano kutokea chini kwenda juu, basi huenda ni ule ugonjwa wa kunyong'onyea ambao watafiti wa Mikocheni wameufuatilia kwa miaka mingi. Mwisho wake kichwa chote huporomoka, ikabaki nguzo. Hauna tiba. Mpigie bwana shamba mapema, kwa ajili ya minazi iliyobaki.

Wale maji moto, sisimizi wekundu wakali wanaoshona majani kuwa viota, usiwapulizie dawa. Wanakula kunguni wa minazi anayesababisha nazi changa kudondoka. Wakwezi hawawapendi, mnazi unawapenda.

Je, wajua kwamba mti wenye mvungu unaweza kuwa imara? Hapa nakaa kidogo, kwa sababu neno "umeoza ndani" ndilo linalouza miti mingi mjini.

Shina hubeba mzigo zaidi kwa ukingo wake wa nje kuliko kwa kiini. Chukua hesabu ya wahandisi wa mabomba: shina la upana wa sentimita 60 lililobaki wazi katikati kwa upana wa sentimita 42, yaani asilimia 70, bado lina takriban robo tatu ya ukakamavu wake wa kwanza, ikiwa ukingo uliobaki ni mzima kuzunguka pande zote. Mjerumani Claus Mattheck, aliyejifunza miti mingi iliyovunjika na isiyovunjika, alitoa kipimo ambacho wakaguzi wengi huanzia: ukingo mzima usipungue kama theluthi moja ya nusu-upana wa shina. Kwa shina letu hilo la sentimita 60, ni karibu sentimita 10 za mbao nzima kila upande.

Tatizo ni lile sharti la "pande zote". Mvungu wenye mlango mkubwa upande mmoja, au ufa unaopanda kutoka mlangoni, unaivuruga hesabu yote. Na kipimo hakisemi lolote kuhusu mizizi.

Wakaguzi wenye vifaa huingiza sindano ndefu yenye ncha ya milimita 3, inayozunguka huku ikiandika ni wapi mbao inapinga na wapi haipingi. Wengine hufunga vihisio kuzunguka shina na kupima mwendo wa sauti: katika mbao nzima sauti husafiri haraka, katika iliyooza huzunguka na kuchelewa. Wewe una nyundo ya mbao. Gonga kuzunguka, sikiliza sauti inapobadilika, weka alama ya chaki. Haitakupa jibu, lakini utakuwa na la kumwonyesha fundi akija, na utaona kama anajali.

Nyuki wakitoka na kuingia kwenye tundu la shina, mvungu upo. Usilete chensoo mchana. Mlete kwanza mrina asali. Kigogota akichimba matundu, kuna mbao laini mahali hapo. Mchwa wakijenga njia za udongo juu ya gome, mara nyingi wanakula gome lililokwisha kufa, ila watakuonyesha limekufa wapi.

Je, wajua panda ipi ni mbaya? Matawi mawili makubwa yanayoachana kwa umbo la U yameshikana vizuri. Yanayobanana kwa umbo la V, gome likazama katikati, hayajashikana, yamesukumana tu. Ukiona ufa mwembamba ukishuka kutoka kwenye panda hiyo, au utomvu, usisubiri upepo.

Mti ulioinama tangu utoto, shina likajipinda kuelekea juu, umeshazoea. Mti uliokuwa wima mwezi jana na leo umelala kidogo ni dharura. Nenda upande wa pili wa mwinamo, tazama udongo: umepasuka? Umevimba? Mizizi inang'oka. Waondoe watu, kisha piga simu.

Ndio maana miti mingi huanguka mizima mizima wakati wa mvua ndefu, udongo ukiwa tope, na kuvunjika matawi wakati wa upepo mkavu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa pigo moja, Pemba ikanusurika.

Mikaratusi ina vituko vyake: hudondosha tawi zima mchana wa jua kali, hakuna upepo hata wa kutikisa kanga. Usiweke bembea chini yake.

Je, wajua uzito wa tawi? Gogo bichi la upana wa sentimita 50 na urefu wa mita 3 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.6. Kwa mbao mbichi, hiyo ni nusu tani au zaidi, ikining'inia juu ya bati, na kijana ameishika kamba ya katani.

Je, wajua kwamba kukata kilele hakuufanyi mti kuwa salama? Miashoki na miarobaini ya mjini hukatwa vichwa kila baada ya miaka michache, ikabaki vigingi. Machipukizi yanayofuata hutoka mengi na hukua mbio, lakini yameshikwa na tabaka la nje tu, juu ya kigingi kinachoanza kuoza. Baada ya miaka mitano au sita yamekuwa matawi mazito yasiyo na mshiko. Aliyekata anarudi, analipwa tena.

Ukubali kukata tawi, usikubali kukata kichwa. Na kwa mwaka mmoja, robo ya majani hai ya mti ni nyingi ya kutosha kuondolewa. Mti mzee unahitaji kipimo kidogo zaidi ya hapo. Mwembe pogoa baada ya mavuno.

Tawi hukatwa nje kidogo ya ukosi wake, ile pete iliyovimba ya gome mahali linapotokea shinani. Ukiukata ukosi, umeubomoa ukuta ambao mti ungejengea. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza kuelekea ndani. Kwa tawi zito mikato ni mitatu: wa kwanza kutokea chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene, wa pili kutokea juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi likadondoka, wa tatu unamalizia kisiki nje ya ukosi. Ukirukwa mkato wa kwanza, tawi linashuka likichana gome hadi chini.

Hilo ndilo swali langu la usaili kwa fundi: "Nionyeshe ukosi wa tawi hili." Akiuonyesha kwa kidole, tunaendelea na bei. Akiniambia miti haina mambo hayo, nampa maji ya kunywa.

Maswali mengine. Je, ameenda kuangalia mguu wa mti kabla ya kutaja bei? Ana kofia ngumu na mkanda wa kupandia? Atavaa vyuma vya miguuni vya kuchomea gome? Vyuma hivyo ni vya mti unaokatwa wote. Kwenye mti unaobaki kila hatua ni kidonda.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: nani anachukua magogo? Kwetu ni kawaida fundi kupunguza bei akiachiwa mbao na kuni. Si wizi, ni biashara. Lakini mtu ambaye malipo yake yako ndani ya shina hawezi kuwa ndiye anayekuambia kama shina libaki. Mkaguzi awe mmoja, mkataji awe mwingine, na mkaguzi alipwe kwa maneno yake tu. Muulize Afisa Misitu wa wilaya. Waulize waliosomea misitu Olmotonyi kule Arusha au Sokoine kule Morogoro; kwa Kenya, Londiani; kwa Uganda, Nyabyeya. Wapo wengi mitaani wenye ujuzi huo wanaofanya kazi nyingine, na saa moja ya mtu wa namna hiyo ni nafuu kuliko paa.

Afisa Misitu huyo huyo atakuambia kuhusu kibali. Miji na kaunti nyingi zina masharti ya kukata mti hata ulioko kwenye kiwanja chako, na baadhi ya miti ya asili inalindwa popote ilipoota.

Tawi likigusa au kukaribia waya wa umeme, hakuna fundi wa mtaani. Tawi bichi hupitisha umeme, lililolowa zaidi. Ni kazi ya TANESCO, Kenya Power, au shirika la umeme la ulipo.

Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kulipofusha; anayepunguza uzio huo avae miwani na apogoe akiwa ameupa upepo mgongo. Utomvu wa mwembe unaunguza ngozi za baadhi ya watu.

Je, wajua kwamba miembe iliyopandwa kando ya njia za misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji bado inazaa sehemu nyingi, mingine ikiwa na mivungu ya kuingia mtoto? Mwembe wa Ujiji ambao wasafiri Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871 wenyewe haupo tena.

Na mti ukishakatwa? Mwarobaini na mjohoro huchipua tena kwenye kisiki, ukitaka usitake. Mvinje kwa kawaida hauchipui. Mnazi haujui kuchipua kabisa, lakini gogo lake likiachwa uani lioze, chonga atataga humo, na funza wake wanene weupe watakula miezi kadhaa kabla ya kugeuka chonga na kuruka kwenda kwenye minazi ya jirani. Pasua gogo, lichome au liondoe kabla halijalainika. Ondoa pia mbolea ya ng'ombe iliyolundikwa karibu na minazi; chonga anataga humo vilevile.